Kumlea Mwana-kondoo Mpaka Aache Ziwa
Mafunzo kwa mfugaji mwenye shamba dogo

Ukimwuliza mfugaji habari za kondoo wake, mara nyingi atakujibu kwa kutaja idadi ya wale waliozaliwa. Atasema, "Mwaka huu nimepata wana-kondoo kumi na sita." Jibu hilo ni la furaha, lakini halitoshi kwa hesabu. Mwana-kondoo aliyezaliwa leo bado ni ahadi tu ya mali. Mali yenyewe ni yule aliyenyonya, akakua, akaacha ziwa na kujilisha mwenyewe malishoni. Huyo ndiye auzwaye sokoni mwezi wa Januari karo ya shule inapodaiwa, na huyo ndiye abakiye zizini kuongeza kundi.

Tuchukue mfano wa majirani wawili. Wa kwanza ana kondoo majike kumi na watano, nao wamezaa wana-kondoo kumi na sita. Wawili wamekufa usiku wa kuzaliwa kwao kwa baridi, watatu wamekufa kabla ya juma kwisha, na wanne wamekufa kwa minyoo walipofika miezi miwili. Wamebaki saba. Jirani wa pili ana majike wanane tu, nao wamezaa kumi; kwa kuwa aliwatunza vema, wamekua tisa. Ni nani tajiri kati ya hawa wawili? Yule wa kwanza amelisha midomo kumi na mitano mwaka mzima, amenunua dawa nyingi, amechosha malisho yake, kisha amepata pungufu ya mwenziwe.

Basi nia ya somo hili ni moja: kuonyesha ya kwamba uhai wa mwana-kondoo hutegemea mambo machache yanayofanywa kwa wakati wake, na ya kuwa mengi katika hayo hufanywa kabla hajazaliwa au katika saa chache za kwanza. Mambo hayo hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji macho, usafi na kuamka usiku.

1. Kondoo afaaye mahali pake

Kondoo hawafanani, wala nchi yetu haifanani. Katika nyanda za juu zenye baridi, kama Molo na Kinangop, kondoo wa sufu kama Corriedale na Merino, na wa nyama kama Hampshire Down, wamefugwa tangu zamani. Katika nchi kavu wako kondoo wa Kisomali wenye kichwa cheusi, na kondoo wekundu wa Kimaasai wenye mkia wa mafuta. Yuko pia Dorper, aliyepatikana Afrika ya Kusini katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn na kondoo mwenye kichwa cheusi ambaye asili yake ni huyo wa Kisomali. Dorper hukua upesi na nyama yake hupendwa, kwa hiyo wakulima wengi humtamani.

Lakini kutamani si kuchagua. Katika miaka ya 1990 watafiti wa mifugo waliwalinganisha Dorper na kondoo wekundu wa Kimaasai huko Diani, pwani ya kusini, mahali penye joto na unyevu na minyoo mingi. Ilionekana ya kwamba kondoo wa Kimaasai waliwastahimili minyoo vizuri zaidi, na wana-kondoo wao waliokufa walikuwa wachache. Kwa hiyo, mtu aishiye mahali penye unyevu asimdharau kondoo huyu mwekundu kwa sababu ya umbo lake dogo. Wengi hufuata njia ya kati: huwaweka majike wa Kimaasai au machotara, na kuwapandisha kwa dume la Dorper.

Jambo jingine ni hatari ya kuwahamisha kondoo. Uko ugonjwa uitwao kwa jina la mji wetu mkuu, yaani ugonjwa wa kondoo wa Nairobi. Daktari wa wanyama aitwaye Montgomery aliueleza mwaka 1917. Ugonjwa huu huletwa na kupe wa kahawia akaaye masikioni. Kondoo waliozaliwa katika nchi yenye kupe hao hupata kinga tangu utoto. Lakini kondoo aliyetoka nchi isiyo na kupe hao hushikwa na homa kali, huhara, pengine kwa damu, na wengi wao huweza kufa kwa siku chache. Basi anunuaye kondoo sokoni aulize wametoka wapi. Ikiwezekana, anunue kwa jirani aliye katika nchi ile ile. Na hata hao awatenge na kundi lake kwa majuma mawili au matatu, awatazame vizuri.

2. Dume na majira

Kondoo jike huchukua mimba kwa siku 147 hivi, yaani upungufu kidogo wa miezi mitano. Kwa kuwa hesabu hii yajulikana, hapana sababu ya kuwaacha wana-kondoo wazaliwe ovyo ovyo katika mwaka. Mfugaji aliyemtenga dume wake anaweza kuchagua mwezi wa kuzaliwa.

Afikiri hivi. Mwana-kondoo azaliwaye katikati ya mvua kubwa hukutana na tope na baridi. Azaliwaye katikati ya kiangazi hukuta mama yake hana maziwa. Yafaa azaliwe wakati majani yapo na mvua inapungua. Mathalan, katika sehemu zenye mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba, mfugaji akimwingiza dume kundini tarehe 5 Julai, wana-kondoo wa kwanza watazaliwa karibu na tarehe 29 Novemba. Watakuta majani mabichi na siku zenye joto, nao wataacha ziwa mwezi wa Machi. Dume akae na majike kwa siku 35 hivi, maana jike asiyeshika mimba hurudia joto lake kila baada ya siku 17. Hivyo kila mmoja atapata nafasi mbili. Kisha dume atolewe. Faida yake ni kwamba wote watazaa karibu karibu, na mfugaji ataweza kukesha kwa majuma machache badala ya mwaka mzima.

Dume mmoja mzima hutosha majike ishirini na watano au zaidi. Kwa mwenye majike sita, kumfuga dume ni gharama. Afadhali majirani washirikiane, mradi dume huyo awe hana ugonjwa. Tena asiwapande binti zake. Damu ikirudiana, wana-kondoo huzaliwa dhaifu na wadogo. Kwa hiyo dume abadilishwe kila baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Na jike mchanga asipandwe kabla hajafika kiasi cha theluthi mbili za uzito wa mkubwa, la sivyo atashindwa kuzaa au hatakuwa na maziwa.

3. Majuma sita ya mwisho ya mimba

Hapa ndipo wafugaji wengi hupotea bila kujua. Katika miezi mitatu na nusu ya kwanza mtoto aliye tumboni hukua polepole sana. Lakini katika majuma sita ya mwisho hupata karibu sehemu saba katika kumi za uzito atakaozaliwa nao. Wakati huo huo kiwele cha mama hujiandaa kwa maziwa. Jike akiwa na njaa katika majuma hayo, mambo matatu hufuata: mtoto huzaliwa mdogo asiye na mafuta ya kumkinga na baridi, maziwa huchelewa au hukosekana, na mama mwenyewe, hasa mwenye mapacha, huweza kulegea, kuacha kula na kufa kwa sababu mwili wake umeyayeyusha mafuta yake kupita kiasi.

Dawa yake ni chakula. Pamoja na malisho ya mchana, jike apewe jioni marando ya viazi vitamu, majani ya nepia yaliyokatwa yangali machanga, au majani ya mikunde. Na kama ipo, gramu 200 hadi 300 za pumba za mahindi au za ngano kwa siku. Aanzishiwe kidogo kidogo, maana nafaka nyingi kwa ghafula humharibu tumbo. Maji safi yawepo daima. Asikimbizwe na mbwa, wala asisukumwe na wenziwe mlangoni.

Namna ya kumjua aliyekonda si kumtazama kwa mbali. Sufu na manyoya hudanganya macho. Weka mkono juu ya uti wa mgongo, nyuma ya mbavu. Ukihisi mifupa mikali kama meno ya msumeno, kondoo huyo ana njaa, ijapokuwa kwa macho aonekana mnene.

4. Mahali pa kuzalia na saa yenyewe

Banda la kondoo si lazima liwe la fahari. Liwe kavu, lipate hewa, lakini upepo wa usiku usivume moja kwa moja juu ya wanyama. Mahali penye mvua nyingi, sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi, yenye nafasi ndogo za kupitisha kinyesi, hufaa sana. Kila kondoo mkubwa apate mita moja na nusu za mraba hivi. Katika pembe moja ujengwe ukuta mwepesi wa kutenga chumba kidogo, mita moja na nusu kila upande, kwa ajili ya jike azaaye. Chumba hicho kitandikwe majani makavu, na matandiko yabadilishwe kila mmoja akiisha toka.

Jike aliye karibu kuzaa hujitenga, hulala na kuinuka, hukwaruza chini kwa mguu, na kiwele chake hujaa. Mwacheni kwa utulivu. Mtoto akija sawasawa, huonekana miguu miwili ya mbele na pua juu yake. Lakini chupa ya maji ikiisha kupasuka, na mama akajikaza kwa muda wa saa moja pasipo kuonekana kitu, au ukionekana mguu mmoja tu, au mkia, basi mwite daktari wa wanyama au mtu mwenye ujuzi. Kuvuta kwa nguvu bila kujua mtoto amelalaje huua wote wawili.

Mtoto akiisha zaliwa, mambo manne yafanywe kwa utaratibu huu:

Kwanza, futa ute puani na kinywani ili apate kupumua. Pili, mwache mama amrambe. Kule kuramba humkausha mtoto, huamsha damu yake, na humfanya mama amtambue kuwa ni wake. Ikiwa mama amechoka, msugue mtoto kwa gunia kavu au majani makavu, kisha mweke mbele ya pua ya mama. Tatu, chovya kitovu katika iodini. Kitovu kibichi ni mlango ulio wazi. Uchafu wa sakafu huingia humo, na baada ya siku chache mtoto huvimba viungo na kuchechemea. Nne, kamua tone moja moja katika kila chuchu ili kuzibua, kisha hakikisha kwa macho yako ya kuwa mtoto amenyonya. Usiseme, "Nadhani amenyonya." Tazama tumbo lake na mkia wake unaotikisika.

5. Dang'a ni kinga ya kwanza

Maziwa ya kwanza, mazito na ya rangi ya manjano, huitwa dang'a. Wako watu wanaoyakamua na kuyamwaga kwa kudhani ni machafu. Hilo ni kosa kubwa kuliko yote yaliyotajwa katika somo hili.

Mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa amekwisha kupata sehemu ya kinga ya mama yake kwa njia ya damu tumboni. Mwana-kondoo hakuumbwa hivyo. Huzaliwa bila kinga, na kinga yote ya mama humjia kwa dang'a. Tena mlango huo haukai wazi siku nyingi. Matumbo yake huweza kuipokea kinga vizuri katika saa sita za kwanza; kisha uwezo huo hupungua, na baada ya siku moja hufungwa kabisa. Anyweshwapo dang'a siku ya tatu hupata chakula, lakini hapati kinga.

Hapa twaona pia sababu ya yale tuliyosema juu ya kondoo wa nchi yenye kupe. Mama aliyekwisha kukutana na magonjwa ya mahali pale humpa mtoto wake, kwa dang'a, silaha za kupigana nayo. Mama mgeni hana silaha hizo za kumpa.

Kiasi kinachotakiwa ni mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto kwa mlo mmoja. Basi mwana-kondoo wa kilo 3 ahitaji mililita 150 upesi baada ya kuzaliwa, na arudie mara nyingi katika siku hiyo ya kwanza. Mama akifa au asipokuwa na maziwa, tafuta dang'a ya kondoo mwingine aliyezaa siku hiyo, au ya mbuzi, na ikikosekana, ya ng'ombe. Mwenye jokofu anaweza kugandisha dang'a ya ziada katika chupa ndogo. Wakati wa kuitumia, aiyeyushe katika maji ya uvuguvugu, wala asiichemshe, maana moto huiharibu kinga.

Tia kidole chako kinywani mwa mtoto. Kinywa kikiwa cha moto, ni salama. Kikiwa baridi, yu katika hatari, hata kama angali anasimama. Mkaushe, mfunike, mweke karibu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa nguo. Usimimine maziwa kinywani mwa mtoto asiyeweza kumeza, kwa sababu yataingia mapafuni na kumwua. Mpashe joto kwanza, na akianza kunyonya kidole, mpe chupa. Yatima apewe maziwa ya uvuguvugu mara nne au tano kwa siku, na chupa ioshwe kila mara.

6. Minyoo, adui asiyeonekana

Mwana-kondoo aliyepona baridi na njaa hukutana na adui wa pili akianza kula majani. Minyoo ni ya namna nyingi, lakini mbaya kuliko yote ni yule anyonyaye damu katika tumbo la nne. Ni mwembamba kama uzi, na jike lake huonekana kama uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja. Mnyoo jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kila siku. Mayai hutoka na kinyesi. Penye joto na unyevu huanguliwa, na baada ya siku chache viluwiluwi vyake hupanda juu ya majani pamoja na umande, vikingoja kuliwa.

Dalili zake ni kukonda, manyoya kusimama, na uvimbe chini ya taya. Lakini usingoje uvimbe. Fungua ukope wa chini wa jicho na utazame rangi ya ndani. Ikiwa nyekundu, damu yake ni njema. Ikiwa nyeupe kama karatasi, damu imenyonywa, na kondoo huyo apewe dawa siku hiyo hiyo. Wataalamu wa Afrika ya Kusini walitengeneza kadi yenye rangi tano za kulinganisha na ukope, nayo hutumiwa katika nchi nyingi. Maofisa wa mifugo wanaweza kumfundisha mfugaji matumizi yake. Katika msimu wa mvua, macho yatazamwe kila baada ya majuma mawili.

Twawasihi wafugaji wasiwanyweshe kondoo wote dawa kila mwezi kwa mazoea. Minyoo michache isiyokufa kwa dawa hubaki na kuzaana, mpaka siku moja dawa yenyewe haifanyi kazi tena. Mambo kama hayo yamekwisha kuonekana katika nchi yetu. Hali kadhalika, kupunguza kipimo ili chupa itoshe ni kuwafundisha minyoo kuistahimili. Pima uzito, mpe kipimo kamili, na umpe yule aihitajiye.

Kumbuka pia ya kwamba mama aliyezaa karibuni hupungukiwa na nguvu za kuizuia minyoo, naye humwaga mayai mengi malishoni wakati ule ule mtoto anapoanza kuonja majani. Kwa hiyo macho ya mama yatazamwe kabla ya kuzaa na baada yake. Na malisho yagawanywe. Kondoo wasitoke mpaka umande ukauke. Wasile majani mpaka chini kabisa, kwa kuwa viluwiluwi wengi hukaa katika vidole vitatu vya chini. Na wana-kondoo wapewe mahali safi, kama vile shamba la mahindi lililokwisha vunwa, au malisho waliyopita ng'ombe wakubwa, kwani minyoo mingi ya kondoo haistawi ndani ya ng'ombe.

7. Chumvi na madini

Zamani, katika sehemu za Bonde la Ufa karibu na Nakuru, wafugaji walishangaa kuona ng'ombe na kondoo wakikonda na kufa hali majani ni tele. Ugonjwa ule ukaitwa kwa jina la Nakuru. Baadaye ikajulikana ya kuwa hapakuwa na vijidudu wala sumu, ila udongo ulikosa madini ya kobalti, na majani yakakosa vile vile. Mnyama alikufa njaa huku tumbo limejaa.

Basi chumvi ya madini si anasa. Lakini iwe ile iliyotengenezwa kwa kondoo. Chumvi au chakula cha ng'ombe, nguruwe au kuku huweza kuwa na shaba nyingi, na kondoo huishindwa shaba kuliko wanyama hao. Hujilimbikiza katika ini lake kwa miezi, kisha humwua kwa ghafula. Soma maandishi ya mfuko kabla ya kununua.

8. Wakitupa mimba wengi kwa pamoja

Mwezi wa Julai mwaka 1930, katika shamba moja karibu na ziwa Naivasha, wana-kondoo walianza kufa kwa wingi usio wa kawaida. Katika majuma manne hivi walikufa wana-kondoo wapatao 3,500 na kondoo majike wapatao 1,200. Wataalamu wa Kabete, Daubney na wenziwe, walichunguza, na mwaka 1931 wakatangaza ugonjwa mpya uitwao leo homa ya Bonde la Ufa. Huenezwa na mbu, hasa baada ya mvua kubwa na mafuriko. Katika nchi yetu ulilipuka kwa nguvu mwaka 1997 na tena mwisho wa mwaka 2006, na watu wengi walikufa, maana ugonjwa huu humpata binadamu pia kwa damu, nyama mbichi na mimba iliyotupwa.

Kwa hiyo kondoo kadhaa wakitupa mimba siku zile zile, usishike kitu kwa mikono mitupu, usichinje, usile nyama yao wala kunywa maziwa mabichi. Watoto wazuiwe wasifike zizini. Toa habari upesi kwa ofisa wa mifugo. Kuficha habari ili kuokoa bei ya kondoo mmoja ni kuhatarisha nyumba nzima.

Iko pia sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Turkana mwaka 2006. Dalili zake ni homa, makamasi, vidonda vya kinywani na kuhara. Haina dawa ya kuiponya, lakini chanjo yake ipo, na dozi moja huwakinga kwa miaka mitatu au zaidi. Siku ya chanjo ikitangazwa, peleka wote.

9. Kuachisha ziwa na kuweka daftari

Tangu majuma mawili, mwana-kondoo aanze kuonjeshwa majani laini na pumba kidogo katika wigo wenye upenyo upitao yeye peke yake, mama asiweze kuingia. Madume yasiyotakiwa kwa mbegu yahasiwe mapema kwa mkono wa mtu aliyefunzwa, kwa chombo safi. Akifika miezi mitatu au minne, na ikiwa anakula vizuri, aachishwe ziwa. Mama ndiye aondolewe, mtoto abaki mahali alipopazoea, ili huzuni ya kuachwa isiongezewe ugeni wa mahali.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Nunua daftari la shule. Andika namba ya jike, tarehe ya kupandwa, tarehe ya kuzaa, idadi ya watoto, na idadi ya walioachishwa ziwa. Aliyekufa, andika siku na sababu. Baada ya miaka miwili daftari hilo litakuambia lisilosemwa na macho: jike yupi hulea mapacha kila mwaka bila kusaidiwa, na yupi mzuri wa sura hupoteza watoto. Bakiza binti za yule wa kwanza, na yule wa pili muuze.

Ndugu msomaji, kondoo wanane waliotunzwa hulipa kuliko kumi na watano walioachwa. Anayetaka kuongeza mali asianze kwa kununua majike wengine; aanze kwa kuwaokoa wana-kondoo wanaozaliwa zizini mwake tayari.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Kwa nini majuma sita ya mwisho ya mimba ni ya maana kuliko yaliyotangulia?
2. Mwana-kondoo amezaliwa usiku, na asubuhi kinywa chake ni baridi. Utafanya nini kwanza, na nini usifanye?
3. Kwa nini dang'a ya siku ya kwanza haiwezi kulipwa siku ya tatu?
4. Katika shamba lako, ni mahali gani ambapo wana-kondoo wanaweza kulisha pasipo minyoo mingi?
5. Mwaka uliopita walizaliwa wangapi katika zizi lako, na walioachishwa ziwa ni wangapi? Wale waliopungua walipotea kwa sababu gani?